Kupima lipidi za utando wa nje wa E. coli, kutoka chupa ya kuoteshea hadi hesabu ya mwisho

Utando wa nje wa bakteria wa Gram-hasi una nyuso mbili zisizofanana. Uso wa ndani, unaotazama periplazimu (nafasi iliyo kati ya utando wa nje na wa ndani), umejengwa kwa fosfolipidi. Uso wa nje umejengwa kwa lipopolisakaridi, kwa kifupi LPS: molekuli kubwa iliyojichimbia kwenye utando kwa sehemu yake ya mafuta, lipidi A, huku sukari zake zikichomoza nje. Kamio na Nikaido walilionyesha hilo kwa Salmonella mwaka 1976. Anayepima anakutana na tatizo moja kubwa: makundi haya mawili hayayeyuki kwenye kimiminika kimoja. Mchanganyiko wa klorofomu na methanoli unabeba fosfolipidi na kuiacha LPS chini pamoja na protini. Anayetupa mashapo baada ya hatua hiyo ametupa nusu ya utando aliokuja kuupima.

Mfano wetu ni E. coli K-12, nasaba ya MG1655, kwa kuwa ndiyo iliyoko kwenye friza za maabara nyingi. Kumbuka jambo moja mapema: K-12 haina mnyororo mrefu wa sukari uitwao antijeni O. LPS yake ni fupi, ya aina inayoitwa "kwaruzi". Kwenye jeli utaona mstari mmoja chini, si ngazi. Hujakosea chochote.

Kuotesha na kuvuna

Uwiano wa lipidi huamuliwa kwenye chupa, kabla klorofomu haijafunguliwa. Otesha lita 1 kwenye mchuzi wa LB, nyuzi 37, mizunguko 200 kwa dakika, katika chupa yenye nafasi ya kutosha ya hewa. Vuna OD600 (kipimo cha ukungu wa seli kwenye mwanga wa nanomita 600) ikiwa kati ya 0.6 na 0.8. Ukichelewa hadi seli zisimame kukua, fosfolipidi iitwayo kadiolipini inapanda na nyingine, fosfatidiligliseroli (PG), inashuka. Asidi za mafuta zenye kifungo maradufu kimoja, 16:1 na 18:1 (kaboni 16 na 18), nazo zinageuzwa kuwa zenye pete ya siklopropani, za kaboni 17 na 19. Sampuli mbili zilizovunwa kwa OD tofauti hazilinganishiki, hata kama kila kitu kingine ni sawa.

Joto nalo lina lake. Likishuka, bakteria huongeza 18:1 ili utando usigande; kwenye nyuzi 12 hata lipidi A hubadilika, asidi ya palmitoleiki ikichukua nafasi ya lauriki. Magnesi ikipungua hadi mikromola chache, PhoP na PhoQ, protini zinazohisi magnesi, huamka na lipidi A huongezewa mnyororo wa saba, wa palmitiki, pamoja na sukari ya aminoarabinosi. Kwa hiyo andika daftarini joto, OD, muda, na hata namba ya kopo la dondoo ya hamira iliyotengenezea LB.

Ikifika OD unayotaka, izungushe chupa ndani ya maji ya barafu dakika 10, kisha sentrifuji 5,000 × g kwa dakika 10, nyuzi 4. Utapata kama gramu 1 ya mashapo mabichi, ambayo ikikauka inabaki gramu 0.2 hivi. Fosfolipidi ni karibu 9% ya uzito mkavu wa seli na LPS ni 3 hadi 4%. Hivyo lita nzima ina takriban miligramu 18 za fosfolipidi, tando zote mbili zikihesabiwa, na miligramu 7 za LPS. Hesabu hii ifanye kabla ya kuanza. Itakuepusha na kutafuta doa ambalo haliwezi kuonekana.

Kabla ya kusentrifuji mchuzi wote, chota mililita 10 zake zenye seli, zivune upesi na uziingize moja kwa moja kwenye klorofomu na methanoli kwa vipimo vilivyoelezwa chini. Hii ndiyo sampuli shahidi. Haikupita kwenye mashine yoyote ya kuvunja seli, na utaihitaji pale mambo yatakapokaa vibaya.

Kuvunja seli bila kuamsha PldA

Ndani ya utando wa nje kuna kimeng'enya cha PldA, fosfolipezi ambayo kwa kawaida imelala. Huamka fosfolipidi zikifika uso wa nje na kalsiamu ikiwepo, na kuvunja seli ni kuzivuruga nyuso hizo. Matokeo yake ni lisofosfatidiletanolamini na asidi za mafuta huru, vitu ambavyo seli hai ilikuwa navyo kwa kiasi kidogo mno. Ukiviona kwa wingi kwenye utando uliosafishwa lakini havimo kwenye sampuli shahidi, vimetengenezwa na mikono yako. Dawa ni baridi, haraka, na bafa isiyo na kalsiamu. Kama kazi ni ya muda mrefu, tumia nasaba iliyofutwa jeni ya pldA.

Njia ya zamani ya kulainisha seli kwa lisozaimu na EDTA inafanya kazi nzuri ya kutenganisha tando, ila ina gharama yake. EDTA huchukua ioni za magnesi na kalsiamu zinazoshikanisha molekuli za LPS, na seli hai zikiloweshwa humo hupoteza kati ya theluthi na nusu ya LPS yote. Leive aliliona hilo tangu 1965. Pengo linalobaki hujazwa na fosfolipidi. Ukipima uwiano wa LPS na fosfolipidi baada ya hapo, unapima kazi ya EDTA. Kama LPS ni sehemu ya swali lako, vunja kwa shinikizo.

Tawanya seli kwenye mililita 10 za bafa ya Tris-HCl milimola 10, pH 7.8, yenye magnesi kloridi milimola 1, DNase na RNase mikrogramu 50 kwa mililita kila moja, na PMSF (kizuia vimeng'enya vinavyokata protini) milimola 1 iliyoongezwa dakika hiyohiyo, maana majini haidumu. Pitisha mara mbili kwenye kishinikizo kwa megapaskali 70, silinda ikiwa imelala kwenye friji tangu jana. Kimiminika kinapaswa kutoka maziwa na kuwa chai ya rangi nyepesi. Kikivutika kama ute wa bamia, DNA haijakatika: ngoja dakika 10 juu ya barafu au ongeza DNase kidogo. Mwenye kifaa cha mawimbi ya sauti tu anaweza kukitumia, sekunde 10 kuwasha na 30 kupumzika, mara sita, chombo kikiwa ndani ya maji ya barafu. Lakini ategemee utando mchanganyiko mwingi zaidi, kwa kuwa kifaa hicho huvunja tando vipande vidogo vinavyoungana ovyo.

Ondoa seli zilizobaki nzima kwa 5,000 × g, dakika 10, mara mbili. Usiivuke hatua hii kwa uvivu. Seli nzima zikibaki, zinazama hadi kwenye tabaka la utando wa nje na kuuchafua. Kisha zungusha 150,000 × g kwa saa 1, nyuzi 4. Mashapo yake ni kama gundi ya rangi ya kaharabu. Yasage taratibu kwenye kisagio cha kioo pamoja na mililita 1 ya sukrosi 20% hadi usione punje hata moja. Punje ni tando zilizoshikana, na sukrosi haitazitenganisha.

Ngazi ya sukrosi

Utando wa nje una uzito wa gramu 1.22 kwa mililita, wa ndani 1.14 hadi 1.16. Tofauti hiyo ndiyo tunayoitumia. Tengeneza sukrosi ya 20%, 53% na 73%, kila moja ikiwa na Tris milimola 1, pH 7.5, na EDTA milimola 1. Hapa EDTA haina hatari ile ya awali, na inazuia tando mbili kugandana.

Asilimia hizi ni gramu kwa mililita 100 za myeyusho uliokamilika. Gramu 53 ziwe kwenye silinda, maji yaongezwe hadi alama ya 100. Hiyo inakupa uzito wa karibu 1.20, katikati ya tando zako mbili. Ukipima gramu 53 za sukrosi na gramu 47 za maji, myeyusho unafika 1.25, na utando wa nje unaelea juu yake pamoja na wa ndani. Hili ndilo kosa linaloharibu ngazi nyingi kuliko lingine lolote, na dalili yake haina ubishi: tabaka moja nene la kahawia juu, hakuna kitu chini.

Katika mrija wa mililita 12 hivi, weka mililita 2 za 73% chini, juu yake mililita 4 za 53%, kisha mililita 1 ya utando wako, halafu jaza kwa 20% hadi karibu na ukingo. Pipeti iguse ukuta wa mrija na kimiminika kiteremke chenyewe. Sawazisha mirija kwa mizani, si kwa macho. Zungusha karibu 250,000 × g kwa saa 16 au zaidi, nyuzi 4, breki ikiwa imezimwa.

Asubuhi utaona matabaka mawili. La juu, mpakani mwa 20% na 53%, ni la kahawia kwa sababu ya saitokromu: huo ni utando wa ndani. La chini, mpakani mwa 53% na 73%, ni jeupe kama maziwa mazito. Chota la juu kwanza. Kisha ondoa na utupe sehemu kubwa ya kilicho katikati, ukiacha kama mililita 2 juu ya tabaka jeupe, ndipo ubadilishe ncha ya pipeti na kulichota. Zimua kila tabaka kwa bafa ya Tris milimola 10 na uzungushe tena 150,000 × g saa 1. Sukrosi isipooshwa, sampuli haitakauka kamwe, itabaki sharubati.

Kagua kabla ya kwenda mbele. Kimeng'enya kinachochoma NADH kiko kwenye utando wa ndani: weka utando kidogo kwenye NADH milimola 0.12 na usome kushuka kwa ufyonzaji wa mwanga kwenye nanomita 340. Kwa kila miligramu ya protini, utando wa nje usivuke sehemu ndogo sana ya kasi ya utando wa ndani. Sisi tukiona zaidi ya 5% tunarudisha sampuli kwenye ngazi mpya. Jeli ya protini nayo inasaidia, kwa kuwa OmpA, OmpC na OmpF huonekana kama mistari mizito kati ya kilodaltoni 35 na 38.

Kutoa fosfolipidi

Njia ni ile ya Bligh na Dyer ya 1959, na siri yake yote ni uwiano wa maji. Fanya kazi ndani ya kabati la kuvuta mvuke, na utumie mirija ya kioo yenye vifuniko vya tefloni. Klorofomu huyeyusha vitu kutoka kwenye plastiki, na vitu hivyo vitajitokeza baadaye kama doa usilolijua.

Chukua mililita 0.8 za utando ndani ya maji. Ongeza mililita 2 za methanoli, tikisa, kisha mililita 1 ya klorofomu. Kimiminika kiwe kimoja, bila mpaka. Kikiwa na ukungu au kikijigawa, maji yamezidi, pengine kwa sababu hukuhesabu maji yaliyomo kwenye mashapo mabichi. Ongeza methanoli na klorofomu kwa uwiano wa 2 kwa 1, tone baada ya tone, hadi kiwe kimoja tena. Acha dakika 30 ukitikisa mara kwa mara. Zungusha 2,000 × g kwa dakika 10, hamishia kimiminika kwenye mrija mpya, na UTUNZE mashapo meupe yaliyobaki. LPS imo humo.

Sasa ongeza mililita 1 ya klorofomu na mililita 1 ya maji ya chumvi ya 0.9%. Chumvi si ya mapambo: PG na kadiolipini zina chaji hasi, na kwenye maji matupu baadhi hukimbilia tabaka la juu. Tikisa, zungusha tena. Klorofomu iko chini. Ili kuifikia, shusha pipeti ya kioo ukiwa unapuliza viputo polepole ili maji ya juu yasiingie, vuka mpaka wenye protini, tua sakafuni, subiri sekunde mbili, ndipo uvute. Acha kidogo mpakani badala ya kukitamani. Rudia na mililita 1 ya klorofomu mpya na uunganishe. Kausha kwa nitrojeni, nyuzi zisizidi 37, kisha yeyusha kwenye mikrolita 100 za klorofomu na methanoli, 2 kwa 1.

Bamba la silika na hesabu

Pasha bamba la silika nyuzi 110 kwa dakika 30, chora mstari wa penseli sentimita 1.5 kutoka chini (wino wa kalamu hupanda pamoja na lipidi), na udondoshe sampuli kidogo kidogo ukikausha kila tone. Kimiminika cha kupandisha ni klorofomu, methanoli na asidi asetiki, 65:25:10, kwenye tangi lililopangwa karatasi ya chujio na kufunikwa saa 1 kabla. Tangi lisiloshiba mvuke huleta madoa yanayopanda zaidi pembeni kuliko katikati.

Usikariri nani yuko juu na nani yuko chini. Mpangilio hubadilika na kimiminika, na hata unyevu wa hewa. Siku ya mvua Tanga si sawa na siku ya kiangazi Dodoma. Weka fosfatidiletanolamini (PE), PG na kadiolipini safi kwenye njia za pembeni za bamba lilelile. Mvuke wa ayodini huonyesha kila kitu na hufifia wenyewe, hivyo zungushia madoa penseli upesi. Ninihidrini hugeuza PE kuwa ya zambarau kwa sababu ya amini yake, wala haigusi PG na kadiolipini.

Kupima kiasi, kwangua kila doa pamoja na kipande cha silika tupu cha ukubwa uleule, toa lipidi kwenye silika kwa klorofomu na methanoli, kausha, na upime fosfati kwa njia ya Ames: mikrolita 30 za magnesi naitreti 10% ndani ya ethanoli, choma juu ya moto hadi mvuke wa kahawia uishe, mililita 0.3 za asidi ya HCl mola 0.5, chemsha dakika 15, kisha mililita 0.7 za mchanganyiko wa askobiki na molibdeti, nyuzi 45 dakika 20, soma nanomita 820. Ethanoli ikauke kabisa kabla ya moto kukolea, la sivyo sampuli itaruka. Sampuli tupu ikiwa na rangi ya bluu, tuhumu sabuni: baadhi ya sabuni za vyombo zina fosfati. Vioo vya kazi hii vioshwe kwa asidi na maji safi tu.

Hesabu ina mtego mmoja. Kadiolipini ina fosfati mbili kwa molekuli. Tuseme fosfati imegawanyika hivi: PE 70, PG 20, kadiolipini 10. Molekuli za kadiolipini ni 5, jumla ni 95, na jibu ni PE 73.7%, PG 21.1%, kadiolipini 5.3%. E. coli inayokua vizuri huwa karibu na 75, 20 na 5 kwa seli nzima, na utando wa nje huegemea zaidi kwenye PE. Ukipata kadiolipini 10% kwenye seli changa, angalia kwanza kama ulisahau kugawa kwa mbili.

Ukihitaji asidi za mafuta zenyewe, tumia sodiamu methoksaidi kwa fosfolipidi. Asidi kali na boroni trifloraidi hufungua pete za siklopropani, na utaamini seli zako hazina 17 wala 19 za aina hiyo.

LPS na lipidi A

Kwa bakteria wenye antijeni O ndefu, kama Salmonella, tumia fenoli ya moto na maji, nyuzi 68. LPS hubaki kwenye maji. Kwa K-12 njia hiyo hutoa kidogo, kwa kuwa LPS fupi ina sukari chache, hivyo hupenda mafuta kuliko maji. Tumia mchanganyiko wa Galanos: fenoli ya 90%, klorofomu na petroli-etha, 2:5:8, juu ya seli zilizokaushwa vizuri. Unyevu ukibaki, mchanganyiko hujigawa. Zungusha, chukua kimiminika, fukuza klorofomu na petroli-etha hadi ibaki fenoli tu, kisha dondosha maji tone kwa tone huku ukitikisa. Ghafla itatokea mawingu meupe: simama hapo. Maji yakizidi, fenoli yenyewe itajitenga na kufunika kila kitu. Osha mashapo kwa fenoli 80%, kisha asetoni. Fenoli ikigusa ngozi haiumi mara moja, inaua hisia kwanza. Chupa ya PEG 400, ya kuifutia ngozini, iwe mezani kabla hujafungua.

Kutoa lipidi A, tenga nusu ya LPS, au ya yale mashapo meupe uliyoyatunza, ikae kavu kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na uchemshe nusu iliyobaki kwenye sodiamu asetati milimola 50, pH 4.5, yenye sabuni ya SDS 1%, nyuzi 100 kwa dakika 30 hadi 60. Asidi hii hafifu hukata kiungo kati ya lipidi A na sukari ya Kdo. Kisha rudi kwenye Bligh na Dyer uleule. Safari hii lipidi A inaingia kwenye klorofomu. Mashapo ya mwisho yaoshe kwa ethanoli yenye asidi kidogo ili SDS iondoke, kwa kuwa hata chembe yake huzima ishara kwenye spektrometa ya tungamo.

Soma kwenye spektrometa kwa chaji hasi; namba zifuatazo ni uzito wa molekuli kwa chaji moja. Lipidi A kamili ya E. coli, yenye minyororo sita na fosfati mbili, hukaa 1797. Pamoja na 80 (1877) kuna fosfati ya ziada, jambo la kawaida kwa K-12. Pamoja na 123 (1920) kuna fosfoetanolamini, alama inayoachwa pia na jeni ya mcr-1 kwa bakteria wanaostahimili antibiotiki ya kolistini. Pamoja na 131 (1928) ni aminoarabinosi, na 238 (2035) ni palmitiki iliyoongezwa na kimeng'enya cha PagP. Kilele cha 2035 kwenye nasaba ya kawaida iliyooteshwa na magnesi ya kutosha huashiria fosfolipidi zimepenya hadi uso wa nje, maana PagP huchukua palmitiki kutoka kwao huko juu.

Kilele kikubwa cha 1717 kisikushangaze: ni 1797 iliyopoteza fosfati ya nafasi ya 1. Asidi ilikuwa kali au dakika zilizidi. Pima pH ya bafa baada ya kuongeza SDS, punguza hadi dakika 30, rudia na ile nusu nyingine uliyoitenga.